Ndoto Inayokurudia: Namna ya Kuifanyia Kazi na Mshauri Nasaha

Swali hili huletwa kwangu kwa sura nyingi. "Namuota marehemu baba kila wiki, anataka nini?" "Nimeota meno yameng'oka, kuna msiba unakuja?" "Naota nafukuzwa na miguu haitoki, nimerogwa?" Ukiyaweka pamoja, wote mnauliza jambo moja: ndoto hii ina maana gani?

Leo sitaagua ndoto ya mtu. Waaguzi wapo, vitabu vya tafsiri vinauzwa mpaka stendi za mabasi, na ukiuliza watu watatu utarudi na majibu matatu. Nitakachofanya ni kukuonyesha jinsi ndoto inavyofanyiwa kazi katika ushauri nasaha, hatua kwa hatua, ili ikusaidie kupona jambo linalokuumiza, liwe msiba, ajali, talaka, ukatili uliofanyiwa, au woga ambao hujui umetoka wapi. Katika kazi hiyo swali la maana huja mwishoni, na pengine lisije kabisa. Yanayotangulia ni maswali mawili: ndoto hii imegusa nini katika maisha yangu ya sasa, na kesho nitafanya nini?

## Tambua kwanza unasumbuliwa na nini

Tunasema "ndoto mbaya" kwa mambo manne yasiyofanana, na kila moja lina njia yake.

- Ndoto yenye hisia nzito. Umemuota marehemu, au umeota unagombana na mama, ukaamka na huzuni au hasira. Usingizi wenyewe haukuvurugika sana. Hii ndiyo inayofaa zaidi kwa mazungumzo na mshauri.
- Ndoto ya kutisha inayojirudia. Inakuamsha, moyo unaenda mbio, unaogopa kulala tena. Huwapata sana waliopitia ajali, vita, kipigo au ubakaji. Ina tiba yake mahususi, nitaieleza mbele.
- Kukabwa na jinamizi. Macho yanaona chumba, lakini mwili hausogei na kifua kimekandamizwa. Akili imeamka kabla mwili haujatoka katika ulegevu wa usingizi wa ndoto. Hudumu sekunde kadhaa hadi dakika chache, na huja zaidi ukiwa na uchovu, ukilala chali au ukifanya kazi za zamu. Usipambane nayo. Pumua taratibu, jaribu kusogeza kidole kimoja, na ukishaamka kaa kitako kidogo kabla ya kujilaza tena kwa ubavu.
- Kutenda ndoto. Mtu anarusha ngumi au anaruka kitandani akiwa bado usingizini. Akiwa ni mtu mzima, hasa mwanamume aliyevuka miaka 50, aanze kwa daktari kabla ya mshauri, kwa kuwa inaweza kuwa dalili ya mapema ya maradhi ya mfumo wa fahamu kama Parkinson. Wakati mnasubiri miadi, ondoeni vitu vigumu na vyenye ncha karibu na kitanda.

Kwenye hilo la kukabwa, nawakumbusha mwaka 1995, hofu ya popobawa, pepo aliyesemwa kuvamia watu usiku, ilipoenea Pemba na Unguja. Watu walilala nje kwa makundi, na mengi yaliyosimuliwa wakati ule yanafanana sana na kukabwa. Sisemi hivi kumdhihaki aliyeogopa. Hofu inayopita nyumba kwa nyumba humkosesha mtu usingizi, na anayekosa usingizi hukabwa zaidi.

## Angalia dawa na mazoea kabla ya kutafuta maana

Baadhi ya ndoto hazitoki moyoni, zinatoka kwenye kabati la dawa. Kabla ya kulipia nauli kwenda kwa mshauri, pitia orodha hii:

- Dawa za kufubaza VVU. Efavirenz, iliyokuwa kwenye dozi ya kawaida katika nchi zetu kwa miaka mingi kabla ya dolutegravir kushika nafasi yake, inajulikana kwa kuleta ndoto nzito, hasa wiki za mwanzo. Dolutegravir nayo huwasumbua baadhi ya watu usingizini.
- Dawa nyingine. Baadhi ya dawa za sonona, baadhi za presha kama propranolol, na mefloquine ambayo wasafiri humeza kujikinga na malaria.
- Pombe na bangi. Pombe hubana usingizi wa ndoto saa za mwanzo, kisha ndoto hurudi kwa fujo karibu na alfajiri. Anayeacha pombe au bangi ghafla anaweza kuota sana kwa muda.
- Mirungi, kahawa au sigara za jioni. Hukata usingizi vipande vipande, na kila ukiamka katikati ya ndoto unaikumbuka.
- Homa na ujauzito. Vyote viwili huleta ndoto nyingi na za ajabu. Mjamzito akiota mtoto ameanguka, hiyo si dalili kwamba mimba ina shida.
- Kukoroma na kukatika pumzi. Mwenzako akikwambia kwamba unanyamaza kisha unashtuka ukihema, mwambie daktari.

Onyo: usiache dawa yoyote kwa sababu ya ndoto. Rudi kwa aliyekuandikia, mweleze zilianza lini na unameza dawa saa ngapi. Mara nyingine kubadili saa ya kumeza kunatosha, lakini uamuzi huo ni wa daktari.

## Hatua ya 1: Ikamate ndoto asubuhi

Wapo wanaoniambia, "Mimi siotagi." Karibu kila mtu huota, ila wengi tunasahau kabla ya kufika mlangoni. Tangu Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walipoeleza mwaka 1953 usingizi ule ambao macho huenda mbio chini ya kope, tunajua kwamba hurudi takriban kila dakika 90, na vipindi vyake hurefuka kadiri kunavyokaribia kucha. Anayekurupushwa na alamu na kushika simu papo hapo hupoteza ndoto ndefu kuliko zote za usiku huo.

Fanya hivi:

1. Weka daftari na kalamu pale mkono unapofika. Kama chumba ni cha watu wengi, maneno matatu yanatosha. Utayakamilisha ukiwa peke yako.
2. Ukiamka, usigeuke na usiguse WhatsApp. Kaa vilevile kwa dakika moja.
3. Anza na picha ya mwisho uliyoiona, kisha rudi nyuma.
4. Andika kana kwamba inatokea sasa: "Niko uani, mlango unafunguka."
5. Usiipambe wala kuinyoosha. Kama mjomba alikuwa na sauti ya mwalimu wako wa darasa la tatu, iandike hivyohivyo.
6. Chini yake ongeza mistari mitatu: nimeamka na hisia gani, jana kulitokea nini, na kitu gani katika ndoto kimenishangaza.

Kuhusu daftari lenyewe, lifiche. Kumuota mpenzi wa zamani si kosa la mtu, lakini likisomwa na asiyehusika litavunja amani ya nyumba bure.

## Hatua ya 2: Chagua moja tu

Ukifika kwa mshauri na ndoto kumi, saa nzima itaishia kwenye kusimulia. Chagua moja kwa vigezo hivi:

- Inarudi, hata ikibadilika kidogo.
- Imekuachia hisia iliyodumu mpaka mchana.
- Unaona haya au uzito kuisimulia.
- Imeanza karibu na tukio fulani: mazishi, kuhama, kuachishwa kazi, uchunguzi wa hospitali.

Ikiwa ndoto ni ya tukio lenyewe la kutisha, yaani unaliona tena kama lilivyotokea, usianze nayo. Mwambie mshauri kwamba ipo, halafu mwanze na nyepesi zaidi.

## Hatua ya 3: Ndani ya chumba cha mshauri

Nitatumia mfano niliotunga kwa ajili ya kueleza, ingawa wengi mtajiona ndani yake. Mama mjane wa makamo anamuota marehemu mumewe. Amesimama kwenye mlango wa jikoni akiwa na nguo za kazini, anauliza, "Funguo ziko wapi?" Mama anafungua droo kuzitafuta, anakuta imejaa mchele. Anaamka analia. Wifi amemwambia marehemu anataka kumchukua. Jirani amesema anadai hitima.

Clara Hill, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Maryland huko Marekani, aliipanga kazi hii katika ngazi tatu: kuichunguza ndoto, kuielewa, kisha kutenda. Sikiliza jinsi ngazi ya kwanza inavyokwenda taratibu:

— Mlango upi huo, mama?

— Wa uani. Ule wa mbao.

— Ukiutazama huo mlango, unakujia nini?

— Ndio alikuwa akiingilia akirudi usiku, asiwaamshe watoto. Nilikuwa nauacha bila komeo.

— Na sasa?

— Sasa naufunga kwa komeo mbili.

— Na funguo anazoziulizia?

Mama ananyamaza, anakunja ncha ya khanga yake.

— Funguo za duka, mwanangu. Kaka zake wamezitaka. Sijawapa, na sijamwambia mtu.

Mshauri hakusema funguo ni ishara ya kitu fulani. Aliuliza juu ya kila kipande, akangoja, na ndoto ikafika yenyewe pale palipokuwa panauma. Mama alikuwa na msiba, na juu ya msiba alikuwa na hofu ya kunyang'anywa duka, hofu aliyokuwa akiibeba kimya ili asionekane anagombea mali na kaburi bado bichi. Ule mchele haukueleweka mpaka mwisho wa kikao, na haikudhuru kitu. Si kila kipande cha ndoto kina kazi.

Ukiwa wewe ndiye mwenye ndoto, shika mambo haya:

- Simulia mara moja bila kukatizwa, kisha rudia pole pole.
- Kwa kila kitu kinachong'ara, jiulize: nakijua wapi? Mara ya mwisho nilikiona lini? Kinanipa hisia gani?
- Tafuta hisia ile ile katika wiki yako. "Ni wapi tena nimejisikia hivi?" Swali hili hufungua mengi kuliko swali la maana.
- Mshauri akipendekeza maana na mwili wako hauikubali, sema. "Hapana, siyo hivyo" ni jibu kamili. Mwenye ndoto ndiye mwenye neno la mwisho.
- Ukizidiwa, simamisha. Weka nyayo sakafuni, taja vitu vitano unavyoviona chumbani, kunywa maji.

## Hatua ya 4: Toka na kitendo kimoja

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanalia, wanahisi wepesi, wanarudi nyumbani, na ndoto inarudi Ijumaa kwa sababu mchana hakijabadilika kitu.

Kabla hujainuka kwenye kiti, taja kitendo kimoja kidogo, chenye siku na mtu. Kwa yule mama vilikuwa viwili, kwa kuwa aliona vinakwenda pamoja: asome hitima kama moyo wake ulivyotaka, na amwombe mzee wa ukoo anayemwamini aitishe kikao cha familia kuhusu mirathi, duka likiwa ajenda ya kwanza. Akikwama huko, kuna mahakama na msimamizi wa mirathi.

Vitendo vingine vinavyofaa:

- Kuandika barua kwa marehemu na kuisoma kaburini, au kuiacha tu sandukuni.
- Kumpigia simu ndugu mliyenuniana.
- Kwenda kupima ugonjwa ambao umekuwa ukiukwepa.
- Kuomba likizo ya siku mbili.
- Kuhamisha kitanda kutoka chumba alichofia mtu.

Kama kitendo kinahitaji ujasiri kuliko ulio nao leo, kigawe. "Nitaongea na kaka" ianze kuwa "nitamwandikia ujumbe kumuuliza yuko nyumbani lini."

## Ndoto ya kutisha inayojirudia: iandike upya

Hii ndiyo tiba mahususi niliyoahidi. Daktari Barry Krakow na wenzake nchini Marekani waliichunguza kwa wanawake 168 waliopitia ukatili wa kingono, wakachapisha matokeo mwaka 2001: waliopewa tiba hii walipungukiwa na ndoto za kutisha na usingizi wao ukawa nafuu. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi wa nchi hiyo kiliipendekeza kwa wenye tatizo hili. Haihitaji mashine wala dawa, na mshauri anayeielewa anaweza kukufundisha kwa vikao vichache.

Tuseme kijana wa bodaboda aligongwa na lori usiku. Amepona mguu, lakini kila wiki anaiona taa ya lori ikimjia usoni, anajaribu kukata kona, pikipiki haigeuki. Anafanya hivi:

1. Anaanza na ndoto nyepesi. Si ya lori. Anaanza na ile ya kumchelewesha abiria anayegomba, ili ajue zoezi.
2. Anaiandika fupi. Ikifika zamu ya lori, sentensi chache zinatosha. Hahitaji kuelezea damu.
3. Anaibadilisha apendavyo. Hakuna sheria ya uhalisia. Anaweza kuifanya taa iwe ya basi la harusi. Kijana wetu anachagua hivi: taa inakuja, anaingia kushoto kwenye kibanda cha mama lishe, anazima pikipiki, anaagiza chai ya rangi na chapati mbili, lori linapita na vumbi lake.
4. Anaandika ndoto mpya yote. Harufu ya tangawizi, joto la kikombe, mama lishe anamwambia "kaa ndani, baridi hiyo."
5. Anaipitia mchana. Dakika 10 hadi 20 kila siku anafumba macho na kuiona ndoto mpya. Ile ya zamani hairudii.
6. Hageuzi nyingine mpaka hii itulie. Ndoto moja kwa wakati.

Usitegemee kwamba utaiota ile mpya kama ulivyoiandika, wengi hawaioti. Kinachotazamwa ni kama ya zamani inapungua, inapoteza makali, au inakuacha ulale. Jipe wiki kadhaa. Ukiona zoezi linaongeza hofu mchana, liache na umweleze mshauri.

## "Lakini…": majibu kwa mashaka yenu

"Dini yangu inanikataza kusimulia ndoto mbaya." Waislamu wengi mmefundishwa kwamba ukiota vibaya ujikinge kwa Mwenyezi Mungu, uteme kidogo kushotoni mara tatu, ugeuke ubavu na usimsimulie mtu. Huna haja ya kulivunja hilo. Mweleze mshauri hisia uliyoamka nayo, ukaishia hapo. Hata zoezi la kuandika upya unaweza kulifanya bila mtu kuisikia ndoto ya zamani. Ukitaka kusimulia kwa ajili ya tiba, muulize kwanza sheikh unayemwamini. Mkristo naye asione kwamba kwenda kwa mshauri ni kuacha maombi. Fanya yote mawili.

"Je, kama kweli ni ujumbe?" Mshauri hana haja ya kubishana nawe. Swali lake ni lile lile: ujumbe huu unakutaka ufanye jambo gani la kheri, lisilomuumiza mtu? Ukiwa nalo, lifanye.

"Atanidharau, ataniona mshamba." Carl Jung, Mswisi ambaye jina lake limefungamana na ndoto kuliko karibu mtaalamu mwingine yeyote wa tiba ya nafsi, alifunga safari mwaka 1925 hadi Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, akawauliza wenyeji kuhusu ndoto zao. Aliandika baadaye kwamba mganga mmoja mzee alimweleza kwa majonzi kuwa tangu kuja kwa wazungu ndoto zile zilizokuwa zikiwaongoza zimekoma. Mgeni alitoka Ulaya kuja kuuliza habari za ndoto kwetu, nawe unaona haya kuzitaja?

"Sina pesa za kwenda kila wiki." Mwambie mshauri tangu mwanzo una vikao vingapi. Kazi ya ndoto moja inaweza kumalizika kwa kikao kimoja au viwili, hasa ukija umeandika.

"Anayeota ni mwanangu." Mtoto aliyeota vibaya mara nyingi huamka karibu na alfajiri na anakumbuka. Mkumbatie, mchana mwache achore alichokiona na aongeze kitu cha kumsaidia: taa, mbwa, babu mwenye fimbo. Lakini akipiga kelele saa za mwanzo za usiku, macho wazi na hakutambui, hiyo ni hofu ya usiku: usimwamshe kwa nguvu, mlinde asijiumize, atalala tena na asubuhi hatakumbuka. Mtoto anayeota kila siku, anayeanza tena kukojoa kitandani au anayemwogopa mtu fulani, mtafutie msaada. Kenya na Tanzania zote zina namba ya bure ya watoto, 116.

## Makosa yanayorudiwa sana

- Kumtuhumu mtu kwa sababu umemuota. Umemuota shangazi akikukaba. Hilo si ushahidi wa lolote. Kanda ya Ziwa na Kisii wanajua tuhuma za uchawi zimewagharimu bibi vizee wangapi maisha yao. Usilitaje jina la mtu kwenye kikao cha ukoo kwa msingi wa ndoto.
- Kuifanya ndoto kumbukumbu. Kuota ulifanyiwa jambo utotoni hakuthibitishi kwamba lilitokea, wala hakukanushi. Mshauri akikwambia "ndoto hii inaonyesha ulinajisiwa", ondoka.
- Kuamua jambo kubwa asubuhi hiyo hiyo. Talaka, kuuza shamba, kuvunja uchumba: subiri, zungumza, kisha amua.
- Kuisimulia kwa kila mtu. Ukisikia tafsiri tano, ndoto yako inapotea chini ya za wengine.
- Kumwagulia mwenzako. Akikusimulia, tumia kanuni ya Montague Ullman, daktari wa akili wa New York aliyeendesha vikundi vya ndoto kwa miaka mingi: sema "kama ndoto hii ingekuwa yangu, ningehisi…" halafu umwachie. Usimwambie "maana yake wewe ni…"
- Kukesha ukingoja kuota. Ukiona daftari linakunyima usingizi, lifunge wiki nzima. Usingizi kwanza.

## Namna ya kumpata mshauri anayefaa

Huhitaji mtu anayejiita bingwa wa ndoto. Unahitaji mshauri nasaha au mwanasaikolojia aliyesomea. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, kwa hiyo una haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa. Tanzania anzia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya mkoa wako. Muhimbili na Mirembe zina wataalamu, kama ilivyo Mathari kwa Nairobi. Kwenda huko hakukufanyi kichaa.

Muulize maswali haya kabla ya kulipa:

- Nikileta ndoto, utaifanyia nini?
- Umewahi kumhudumia mtu mwenye kiwewe?
- Ninayoyasema yanabaki hapa? Ni wakati gani hayatabaki?

Dalili za kukimbia: anakupa tafsiri kabla hujamaliza kusimulia, anakutajia adui, anadai pesa zaidi "kuifunga" ndoto, anakugusa bila ruhusa yako, au anakukataza kwenda hospitali.

## Wakati wa kutofanya peke yako

Weka daftari chini na utafute msaada wa haraka kama:

- unafikiria kujiua, au ndoto zinakuamrisha kujidhuru au kumdhuru mtu;
- unasikia sauti au kuona watu hata ukiwa macho, na hujui lipi ni ndoto lipi si ndoto;
- huna usingizi kabisa kwa siku kadhaa, ingawa hujisikii kuchoka;
- tukio la kutisha limetokea juzi tu. Siku za mwanzo mwili unahitaji usalama, chakula, watu na usingizi. Kazi ya ndoto itasubiri.

Katika hali hizi nenda hospitali iliyo karibu, na usiende peke yako.

## Ratiba ya wiki ya kwanza

- Jumatatu: orodhesha dawa, pombe, kahawa na saa zako za kulala.
- Jumanne hadi Ijumaa: andika ulichokikumbuka, hata neno moja. Usijiulize maana.
- Jumamosi: soma yote, chagua ndoto moja, weka alama kwenye hisia iliyojirudia.
- Jumapili: andika sentensi moja inayoanza "Ni wapi tena nimejisikia hivi?" na ujibu. Kisha tafuta namba ya mshauri au kitengo cha hospitali.
- Jumatatu inayofuata: piga simu, weka miadi. Ukiulizwa tatizo ni nini, huna haja ya kuanza na ndoto. Soma ile sentensi ya Jumapili, na kazi itakuwa imeanza.